Data Iko Kwenye Ukoko

Ulimi alikuwa amekaa kwenye kibaraza cha mshona nguo, amejifunga shuka la kuazima kiunoni, akisubiri suruali yake izibwe tundu. Suruali yenyewe ndiyo hiyo moja. Walimwita Ulimi kwa kuwa ulimi hauna mfupa, na wa kwake ulikuwa umezidi: ungeweza kumuuzia samaki mwavuli, na samaki akarudi kesho yake kuulizia wa mkewe.

Mshona nguo alikuwa akikanyaga cherehani huku akigombana na simu yake.

"Nimekwambia nina maharage, vitunguu na nyanya mbili. Mbili! Sasa unaniambia niweke krimu. Krimu niitoe wapi, kwenye cherehani?"

Simu ikamjibu kwa upole kwamba kama krimu hakuna, jibini la mbuzi litafaa.

"Umemsikia?" mshonaji akamgeukia Ulimi. "Mpwa wangu kaniwekea hiki kitu, eti msaidizi wa mapishi mwenye akili bandia. Akili anazo, lakini nyumba yangu haijui kabisa. Hajui tuko wangapi, hajui mume wangu hali bamia, hajui sokoni kwetu kunauzwa nini. Kila siku jibini!"

Sasa, ukweli ni huu. Ndani ya simu ile kulikuwa na ukurasa mmoja wa kujaza: mko wangapi, mnakula nini, hamli nini, sokoni kunapatikana nini. Kuujaza hakumalizi hata kikombe cha chai. Mtu mwaminifu angemwambia hivyo dada wa watu, na hadithi yetu ingeishia hapa hapa kibarazani.

Lakini jicho la Ulimi lilikuwa limeshaingia jikoni kupitia mlango uliokuwa wazi. Kule kwenye jiko ilikaa sufuria ya shaba, ya zamani, nene, ile aina ambayo ukiigonga inakuitikia. Ulimi alijua thamani ya shaba kama wazazi wengine wanavyojua siku za kuzaliwa za watoto wao.

"Dada," akasema taratibu, kwa sauti ya daktari mwenye habari njema, "simu yako haina kosa. Haijatambulishwa tu kwa sufuria."

"Kwa sufuria?"

"Akili bandia inajifunza kwa data. Tuko pamoja? Data ya benki iko benki. Data ya hospitali iko kwenye mafaili. Haya, data ya jikoni iko wapi?"

Cherehani ikasimama. "Iko wapi?"

"Kwenye ukoko."

Akaliacha kwanza neno limwingie. Kisha akaeleza, mikono ikipanda na kushuka, kwamba kila chakula kilichoungua sufuriani huacha tabaka lake, na maabara kuna mashine inayosoma matabaka hayo moja moja na kuyahamishia kwenye simu. "Ile sufuria ni ya nani?"

"Ya marehemu mama." Mshonaji akaishusha sauti. "Miaka miwili sasa. Maharage yake sijawahi kuyapatia. Nimejaribu mpaka nimechoka."

"Basi yamo humo, dada. Yanakusubiri."

Machozi yakamlengalenga dada wa watu. Mimi msimulizi nimecheka mengi katika kisa hiki, lakini hapa sikucheka.

Ulimi aliondoka na suruali iliyozibwa na sufuria kwapani. Alipoigeuza njiani aliona chini ya kitako chake tone jekundu lenye kamkia, la rangi ya kucha. Akatabasamu. Wanawake bwana, hata sufuria wanaipaka kucha! Akadhani ni pambo, akaendelea na safari yake. Msomaji, hilo tone tuliweke akiba.

Sufuria ilifika kwa Mzee Chakavu, mnunuzi wa vyuma, ikapimwa kwa kilo. Baada ya siku mbili Ulimi akarudi kwa mshonaji na sufuria mpya ya bati, nyepesi hata upepo ungeweza kuibeba, imebandikwa kibandiko chenye mraba wa madoadoa meusi kilichochapwa kwenye duka la fotokopi. Ukikisoma kwa simu kilikupeleka kwenye tangazo la viatu.

"Ile ya zamani inabaki maabara mpaka data ikauke," akasema. Kisha akachukua simu ya mshonaji, akakaa nayo, akaujaza ule ukurasa: watu watano, bamia hapana, krimu hapana, jibini marufuku. Kesho yake simu ikamshauri mshonaji vitu vinavyopatikana sokoni, na yeye akapiga kigelegele. Huo ndio ulikuwa ufundi wa Ulimi. Uongo wake aliufunika kwa kipande kidogo cha kazi ya kweli, na watu wakiona kipande wanakubali gunia zima.

Habari zikaenea. Mwalimu mstaafu akatoa sufuria yake. Mke wa kinyozi akatoa yake, akaongeza na ya mama mkwe wake bila kumwuliza. Ndani ya wiki tatu sufuria saba za shaba zilikuwa "maabara", na wanawake saba walikuwa wakipikia bati linalounguza hata maji.

Ingekuwa mimi, ningeondoka mjini hapo hapo. Lakini tamaa mbele, mauti nyuma, na mbele ya Ulimi ilisimama Tembo.

Tembo ilikuwa sufuria ya Mama Mwiko. Mama Mwiko amekula chumvi nyingi. Miaka thelathini alipikia shule ya bweni, na alipostaafu mwenye shule alimpa sufuria kubwa kuliko zote iwe asante yake. Kuinyanyua walihitajika watu wawili, au mmoja mwenye sababu nzuri sana. Humo ndani alipika chakula cha mchana cha mafundi wa gereji, maseremala na makarani wa mjini, na nauli ya maisha yake yote ilitoka humo. Ulimi alihesabu kwamba Tembo peke yake ingemtoa mjini akiwa amekaa kiti cha dirishani.

Alimkuta kwenye kigoda akichambua maharage.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye yule daktari wa ukoko?"

"Mhandisi, mama."

"Ewaa. Nimekusikia. Karibu ukae. Ukoko wa Tembo una miaka thelathini, huo utausoma wewe au utauimba?"

Ulimi akacheka kwa heshima, akatoa tableti yake kwenye mkoba. Mama Mwiko akainua simu yake ya vibonyezo kuonyesha kwamba hana pa kuweka maajabu hayo.

"Usijali, mama. Msaidizi wako nitamweka humu humu kwenye tableti. Nikishamaliza mafunzo yote, nakuachia." Hakuwa na nia ya kumwachia hata chaja.

"Na hiyo mashine inajifunza kwa ukoko tu? Haioni?"

Ulimi hajawahi kukataa jambo maishani. "Inaona! Jicho lake hili hapa."

"Na masikio?"

"Inayo! Kuliko hata sisi."

"Basi ukoko tutaumalizia mwisho," Mama Mwiko akasema, akajifuta mikono. "Kwanza ione na isikie. Mtoto hapelekwi mtihani kabla ya shule. Shika kisu, menya vitunguu."

"Mimi, mama?"

"Mikono yangu inatetemeka. Ikijifunza kutetemeka je?"

Ulimi aliitazama Tembo, akatazama gunia la vitunguu, akameza mate. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Akainama, na hakuinuka kwa siku kumi.

Siku ya kwanza alimenya na kulia. Siku ya pili alimenya, akalia, akasugua. Tableti ilisimama kwenye rafu ikiegemea kopo la unga, nayo ilikuwa programu ya kweli, ya bure, inayoandika kila inachoambiwa na kuuliza isichoelewa. Ulimi hakuwahi kuitumia hata siku moja kwa kazi yake. Sasa ilianza kumhoji.

"Chumvi kiasi gani?" tableti ikauliza.

"Mama, inauliza chumvi kiasi gani."

"Mwambie kiasi."

"Kiasi ni gramu ngapi?" tableti ikauliza.

"Mama, inauliza kiasi ni gramu ngapi."

"Kiasi ni kiasi! Hiyo shule gani ilisoma?"

Ikabidi Ulimi abuni njia. Kila mkono wa Mama Mwiko ulipokwenda sufuriani na chumvi, aliudaka hewani, akaukung'utia kwenye mizani ndogo, akasoma namba kwa sauti, kisha akairudisha chumvi mkononi na kuuachia uendelee na safari. Alifanya hivyo kwa chumvi, kwa binzari, kwa pilipili. Siku ya tatu alidaka mkono usiokuwa na kitu, uliokuwa unakuja kumpiga kofi, akaupima nao.

Siku ya nne Mama Mwiko aliweka kitunguu kizima na maganda yake kwenye makaa, kikachomwa mpaka kikanukia utamu, kisha akamwambia Ulimi akimenye na kukiponda ndani ya maharage.

"Hii si yangu," akasema. "Ni ya rafiki yangu, Mungu amrehemu. Alinionyesha mara moja tu. Mwambie huyo mtoto wa kioo aiandike vizuri, na aandike ni ya nani."

Ulimi akaamuru iandikwe. Hakuuliza huyo rafiki ni nani. Alikuwa ameanza kuonja.

Na hapo ndipo mambo yalipomharibikia. Siku ya sita alijikuta akiikaripia tableti kwa hasira ya kweli: "Nimekwambia vitunguu viwe vya kahawia, si vya mkaa! Unaniaibisha!" Akatazama pembeni kama mtu aliyejisikia akikoroma. Kila mchana alisukuma mkokoteni wa chakula, na mafundi wa gereji walikuwa wameshamzoea. "Mpishi mdogo," walimwita, "leo umeipatia." Suruali yake ilianza kumbana. Alijiambia yote haya ni kwa ajili ya Tembo, na kila jioni kabla ya kuondoka aliigonga Tembo kwa kifundo cha kidole, ikamwitikia, akalala na matumaini.

Siku ya kumi akajikaza. "Mama, mashine imeona na imesikia mpaka imeshiba. Umebaki ukoko tu. Nikiichukua Tembo leo, kesho kutwa unayo."

Alitegemea mabishano. Alikuwa ameandaa hotuba, ina hadi machozi katikati.

"Chukua," Mama Mwiko akasema.

"Nichukue?"

"Si nimekwambia? Ila leo kuna oda ya watu kumi, maharage yale ya kitunguu cha kuchoma. Pika mwenyewe, mimi mgongo unaniuma. Uyapeleke ndani ya Tembo. Wakishakula, sufuria ni yako na maabara yako."

"Nipeleke wapi, mama?"

"Kwa Mzee Chakavu."

Ulimi nusura acheke kwa sauti. Kumbe hata nauli ya mkokoteni ameokoa! Mwizi gani amewahi kuombwa apeleke mali ya wizi pale pale inapouzwa, tena ikiwa ya moto? Akapika maharage yale kwa mkono mwepesi, akiimba. Tableti akaiacha rafuni. Angeirudia, Mama Mwiko si yuko hapo hapo na mgongo wake. Akaipakia Tembo kwa msaada wa wapita njia watatu, akaondoka.

Geti la Mzee Chakavu lilikuwa wazi. Ndani, juu ya makreti yaliyopinduliwa, walikaa wanawake saba. Kila mmoja alikuwa amepakata sufuria ya bati yenye kibandiko. Mzee Chakavu mwenyewe alisimama pembeni, kofia mkononi, na mbele yake, zimepangwa mstari, zilikaa sufuria saba za shaba zimegeuzwa vitako juu. Tone jekundu lenye mkia. Msalaba wa kijani. Nukta tatu za waridi. Kila kitako na alama yake.

Kwenye kreti la nane alikaa Mama Mwiko, ametangulia kwa njia ya mkato, mgongo umenyooka kabisa. Kwenye mapaja yake ilikuwa tableti.

"Karibu, mhandisi," akasema. "Maabara ndiyo hii?"

Ulimi akaachia mikono ya mkokoteni. 

"Umewahi kuazima sufuria, mwanangu?"

"Hapana, mama. Mimi hula hotelini."

"Ndiyo maana. Mtaa ukiwa na shughuli, sufuria za kila nyumba huja pamoja, huoshwa pamoja, na zote nyeusi. Sasa utajuaje ipi ya nani? Ndiyo kila mtu anapaka alama yake chini. Hilo hata watoto wanalijua." Akamwonyesha Mzee Chakavu kwa kidevu. "Wiki mbili zilizopita huyu alikuja kuniuzia sufuria. Sufuria nzito ya zamani utamuuzia nani, kama si mpishi? Nikaigeuza, nikaona tone na mkia. Nikasema ala! Ya mshonaji inatafuta nini huku? Nikaenda kumwuliza. Akaniambia iko maabara, inakauka."

Wanawake wakaguna kwa pamoja.

"Kwa hiyo siku ile nilipokuja..." Ulimi akaanza.

"Nilikuwa nakusubiri. Msaidizi wangu alikuwa ameacha kazi, vitunguu vinaniozea, na huyu mzee alikuwa amekataa kuzirudisha."

"Nilizinunua kihalali," Mzee Chakavu akanong'ona.

"Nikamwambia achague, sufuria au chakula changu cha mchana."

"Nilivumilia siku mbili," Mzee Chakavu akamwambia Ulimi kwa uchungu wa kiume. "Siku mbili za mkate mkavu, kaka. Ya tatu nikalia."

Ulimi akapima umbali wa geti kwa jicho. Mke wa kinyozi alikuwa ameshasogeza kreti lake hapo, na mkononi alishika mchi.

"Tumfanye nini?" akauliza mwalimu mstaafu, aliyependa utaratibu.

"Mashine si inajua yote ya jikoni?" akasema Mama Mwiko. "Tuiulize yenyewe. Wewe mtoto! Mwizi wa sufuria anapikwa kwa muda gani?"

Tableti ikafikiri. "Samahani, sina mapishi ya mwizi," ikasema kwa upole. "Je, una vitunguu?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko, hata Mzee Chakavu akajisahau. Aliyekuwa hacheki ni mmoja tu. Mshona nguo alikuwa ameishika sufuria ya mama yake kifuani kwa mikono miwili.

"Wengine uliwaibia sufuria," akamwambia Ulimi. "Mimi ulinidanganya kwa mama yangu. Uliniambia yamo humo, yananisubiri. Nimeyasubiri mwezi mzima."

Ulimi akatazama viatu vyake. Aliona aibu, na hakuizoea, hata hakujua aiweke wapi.

"Tule kwanza," Mama Mwiko akasema. "Hukumu na njaa haviendi pamoja."

Wakafunua Tembo. Mabati saba yakapata kazi yake ya kwanza ya maana, yakawa sahani. Mshonaji alitia kijiko mdomoni bila hamu, kisha kijiko kikasimama. Akakitazama. Akatia kingine, taratibu. Machozi yakamtiririka mpaka kidevuni, naye hakuyafuta.

"Ni ya mama," akasema. "Ndiyo haya. Ndiyo haya! Nani kayapika?"

Macho yote yakamgeukia Ulimi. Hapo palikuwa na uongo mzuri sana unaomngoja, wa maabara, wa matabaka, wa data iliyokauka, na ungemtoa pale akiwa shujaa. Nadhani hata yeye aliuona.

"Mimi," akasema. "Mama kanionyesha. Kitunguu kinachomwa na maganda yake. Hakuna ukoko."

"Mama yako, rafiki yangu, alinionyesha mara moja," Mama Mwiko akamwambia mshonaji. "Wewe ulikuwa mdogo, ukikwepa kumenya vitunguu. Gramu sizijui, lakini huyu alinidaka mkono."

Baada ya hapo mchi uliwekwa chini. Haukuwekwa mbali, lakini uliwekwa chini. Ulimi alihukumiwa kuosha sufuria nane, Tembo ikiwemo, bila kugusa alama hata moja, kisha aondoke na mabati yake saba. Alipoinama kuyafunga kwa kamba, siku kumi za kula vizuri zikadai haki yake: suruali ikapasuka, pale pale kwenye kiraka. Akamtazama mshonaji kwa unyonge.

"Leo sishoni," mshonaji akasema. Kisha akamtupia gunia tupu ajifunge. "Hilo nalo urudishe."

Getini Ulimi akakumbuka. "Mama, na tableti yangu? Ile ni mali yangu halali, naapa. Labda ndiyo pekee."

"Yako?" Mama Mwiko akaiinua. "Wewe mtoto, wewe ni msaidizi wa nani?"

"Mimi ni msaidizi wa jiko la Mama Mwiko," tableti ikajibu. "Vitunguu viwe vya kahawia, si vya mkaa. Chumvi huingia maharage yakishaiva. Na mtu akikuambia kiasi ni kiasi, mdake mkono."

Ulimi aliyatambua maneno yake mwenyewe. Akaondoka barabarani na gunia kiunoni, mabati saba yakigongana mgongoni kwa kishindo, na kila nyumba aliyoikaribia watu walitoka mlangoni kabla hajafika.

"Gramu ngapi?" akageuka akapiga kelele kutoka kwenye kona. "Mama! Ile chumvi! Ilikuwa gramu ngapi?"

"Kiasi!" wanawake wakamjibu kwa pamoja.

Mama Mwiko naye alikuwa ameazima kichupa cha rangi ya kucha kutoka kwenye mkoba wa mke wa kinyozi. Akaigeuza tableti kifudifudi kwenye mapaja, akapaka mwiko mdogo mwekundu mgongoni mwake, akaupuliza mpaka ukakauka, kisha akampa mshonaji.

"Nenda kapike," akasema. "Jumatatu nirudishie."